Watoto Wasio na Makao na Mlango wa Eklezya

Maneno yaliyosemwa kwa jina la makatekista katika sikukuu ya Yubile ya parokia yetu, Kolwezi



Halmashauri ya Yubile imetuomba sisi makatekista tuseme juu ya kazi moja ya Eklezya katika nchi yetu ya shaba, ndiyo kazi ya kuwatunza watoto na vijana wasio na makao. Wengine wamekwisha kusema juu ya mapadri wa kwanza, juu ya ujenzi wa kanisa na juu ya waimbaji wetu. Sisi tumepewa habari ya watoto ambao majina yao hayakuchorwa juu ya jiwe lolote.

Mtu akipita sokoni usiku, hapa Kolwezi, ao Likasi, ao Lubumbashi, ataona watoto wamelala juu ya makatoni barazani mwa maduka. Watu wanawaita mashege. Jina hilo linatusahaulisha jambo moja kubwa: kila mmoja wao alizaliwa na mama, alipewa jina la mzee wa ukoo, na wengi walimwagiwa maji ya ubatizo. Barabara haizai mtoto. Mtoto anatoka katika nyumba. Hilo ndilo neno tunalotaka kulieleza leo, nalo litatuongoza katika sehemu tatu: mwanzo wa kazi hii, sababu ya watoto wengi kukosa makao hapa kwetu, na deni linaloikalia parokia yetu.

1. Mwanzo wa kazi

Mwaka 1841, katika mji wa Torino nchi ya Italia, padri kijana Yoane Bosco alizoea kuingia gerezani kuwatazama wafungwa. Huko aliwakuta vijana, wengine wa miaka kumi na miwili tu. Wengi walikuwa wametoka mashambani kutafuta kazi ya ujenzi na ya viwanda, na mjini hawakuwa na mtu wa kuwaangalia. Aliona tena kwamba waliofunguliwa walirudi gerezani upesi, kwa maana nje hapakuwa na mtu aliyewangojea. Tarehe 8 ya mwezi wa 12 ya mwaka ule alikutana na Bartolomeo Garelli, yatima, msaidizi wa waashi, akaanza kumfundisha katekesi. Tunaomba makatekista wenzetu waliangalie jambo hilo: kazi ya Wasalesiani, iliyoenea leo katika nchi nyingi za ulimwengu, ilianza kwa katekesi ya kijana mmoja.

Miaka ya kwanza Don Bosco aliwakusanya vijana siku ya Mungu. Walisali, walicheza, walijifunza kusoma, na jioni kila mmoja alikwenda zake. Wengine hawakuwa na fasi ya kwenda. Mwaka 1846 alipata nyumba upande wa Valdocco, na mama yake Margherita, mwanamke wa shamba asiyejua kusoma, akaacha kijiji chake akaja kukaa naye. Mwaka 1847 walimpokea yatima wa kwanza alale kwao. Mama huyo alipika, alifua, alishona viraka, alionya na alifariji, mpaka kufa kwake mwaka 1856. Ndiyo sababu Wasalesiani wa Lubumbashi, walipotafuta jina la kazi yao kwa watoto wa barabara, walichukua jina la mama huyo.

Katika nchi ya Ufaransa kulikuwa na mlango mwingine. Tangu mwaka 1641 Mtakatifu Yoane Eudes alikuwa amefungua mjini Caen nyumba ya kuwapokea wanawake na wasichana waliotupwa na watu. Mwaka 1835, mjini Angers, Mtakatifu Maria Eufrasia Pelletier aliiunganisha kazi ya namna hiyo iwe shirika moja la watawa liwezalo kutuma masista katika nchi zote. Hao ndio Masista wa Mchungaji Mwema, ambao kwa Kifaransa tunawaita Bon Pasteur.

Wasalesiani walifika katika Katanga mwisho wa mwaka 1911. Walikuwa sita, na mkubwa wao Padri Joseph Sak, ambaye baadaye alikuja kuwa askofu. Mji wa Élisabethville, ndio Lubumbashi wa leo, ulikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Walifungua masomo, kisha kazi za mikono: useremala, ujenzi, ushonaji wa nguo na viatu. Siku zile mtoto wa kulala nje hakuonekana sana kama leo. Inafaa tueleze sababu.

2. Namna nyumba zilivyovunjika

Wazee walio hapa wanakumbuka maisha ya kambi. Tangu miaka ya 1920 Union Minière ilitaka mfanyakazi akae na mke na watoto wake karibu na kazi, asirudi kijijini kila mara. Kampuni ilitoa nyumba, hospitali, masomo na posho. Posho ilihesabiwa kwa mke na kwa watoto, na kila mtoto aliandikwa katika kitabu. Kolwezi, mji uliozaliwa mwaka 1937, ulikua katika desturi hiyo. Tarehe 1 mwezi wa 1 mwaka 1967 Leta ilichukua mali ya Union Minière, na kampuni iliyokuja kuitwa Gécamines ikaendelea vile vile. Maisha yale yalikuwa na ukali wake, na baba wa kambi alitawaliwa hata ndani ya nyumba yake. Lakini unga ulifika mlangoni, na mtoto aliyezaliwa alileta posho yake pamoja naye.

Kisha taabu zilifuatana. Katika mwezi wa 5 wa mwaka 1978 vita viliingia Kolwezi, vikaacha wajane na yatima. Katika mwezi wa 9 wa mwaka 1990 mgodi mkubwa wa Kamoto uliporomoka. Miaka ya 1992 na 1993 ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa, wakalala siku nyingi katika stasyo za treni za Likasi na Kolwezi, na humo watoto wengine walipotezana na wazazi. Gécamines, iliyotoa shaba karibu tani 476.000 mwaka 1986, ilitoa tani 30.000 hivi mwaka 1994. Mishahara ilikawia miezi na miezi. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10.000 waliondolewa kazini kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari.

Mtoto ambaye zamani aliongeza posho sasa alionekana kuwa mdomo wa kulishwa. Wakati ule ule sheria ya madini ya mwaka 2002 iliwaruhusu watu wazima kuchimba kwa mikono katika fasi zilizowekwa. Watu walikuja kutoka pande nyingi. Mwaka 2014 kobalti ilionekana chini ya nyumba za mtaa wa Kasulo, na watu wakachimba hata ndani ya viwanja vyao. Watoto walifuata wakubwa: kuokota mawe, kuyapepeta, kuyaosha mtoni, kubeba mifuko. Mwaka 2014 UNICEF ilikadiria kwamba watoto karibu 40.000 walikuwa wakifanya kazi katika machimbo ya kusini mwa Kongo. Tarehe 27 mwezi wa 6 mwaka 2019, karibu na mji wetu, udongo uliwaangukia wachimbaji na watu zaidi ya 40 walikufa. Kila baba anayefunikwa namna hiyo anaacha nyumba nyuma yake, na nyumba nyingine haisimami tena.

3. Milango iliyofunguliwa

Wasalesiani wa Lubumbashi walipoona watoto wanazidi kulala nje, walifungua nyumba katikati ya mji, karibu na fasi watoto wanapozunguka. Ilipewa jina la Isidore Bakanja. Jina hilo linafaa. Bakanja alikuwa kijana wa Ikweta aliyeacha kijiji chake kutafuta kazi, akawa msaidizi wa waashi, akabatizwa mwaka 1906. Alipigwa fimbo vikali kwa kuwa alikataa kuficha imani yake na skapulari aliyovaa, akafa tarehe 15 mwezi wa 8 mwaka 1909, akiwa amemsamehe aliyempiga. Papa Yoane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri tarehe 24 mwezi wa 4 mwaka 1994. Kijana asiye na jamaa karibu naye anaweza kumtazama Bakanja kama kaka.

Kazi ya nyumba hiyo inakwenda kwa daraja. Daraja la kwanza ni mlango usiouliza mengi: mtoto anaingia, ananawa, anafua nguo yake, anakula bukari, analala bila kuogopa kupigwa usiku. Daraja la pili ni masomo ya kumrudishia miaka aliyoipoteza. Daraja la tatu ni kuitafuta jamaa yake. Walezi wanakwenda naye mtaani, wanamsikiliza mzazi, wanamsikiliza mtoto, wanarudi tena na tena. Kwa wale ambao jamaa haipatikani, ziko nyumba za kukaa zaidi, na kwa wakubwa kazi za mikono na kilimo, ili wajitegemee. Don Bosco aliwafundisha watu wake kulea kwa akili, kwa dini na kwa upendo, bila fimbo. Na lengo linabaki lile lile siku zote: mtoto arudi kwa watu wake.

Hapa kwetu Kolwezi, Masista wa Mchungaji Mwema walifika mwaka 2012. Pamoja nao alikuwa Sista Catherine Mutindi, mzaliwa wa Kenya. Waliingia katika mitaa ya wachimbaji, kama Kanina, wakafungua fasi ya masomo kwa watoto waliokuwa wakienda kuokota na kuosha mawe. Lakini walitambua mapema kwamba mtoto aliyeletwa darasani asubuhi atarudi mtoni mchana kama nyumbani hakuna unga. Kwa hiyo waliwafundisha akina mama kusoma na kuhesabu, wakawasaidia wazazi kulima na kufuga pamoja, wakawapa wasichana ufundi wa kushona na wa kupika, na wakawaeleza watu haki ambazo sheria inawapa. Mwaka 2019, mjini Saint Louis nchi ya Marekani, Sista Catherine alipewa zawadi ya Opus, dolari milioni moja, kwa ajili ya kuendeleza kazi hiyo.

Tukiweka kazi hizo mbili bega kwa bega, tunaona moja inaanzia barabarani ikielekea nyumbani, na nyingine inaanzia nyumbani ili mtoto asifike barabarani. Zote mbili zinakutana mlangoni mwa jamaa. Na mlango wa jamaa, ndugu wapenzi, hauna ufunguo mikononi mwa Wasalesiani wala mwa Masista. Uko ndani ya mashirika yetu.

4. Deni la parokia

Tuseme wazi sasa jambo ambalo watu hulisema kwa kunong'ona. Watoto wengi walio nje hawakufukuzwa na njaa peke yake. Walifukuzwa kwa neno moja: mulozi. Baba amepoteza kazi, mama amekufa, mtoto mchanga ameugua, biashara imeanguka, na watu wanamtafuta mwenye kosa. Mara nyingi wanamwonyesha yatima aliyeletwa na ukoo, ao mtoto wa mke wa kwanza, ao yule anayekojoa kitandani, ao yule mwenye kifafa. Kisha anapelekwa kwa watu wanaojiita waombezi, anafungwa, ananyimwa chakula siku nyingi, anapigwa mpaka akubali. Akikubali, hana tena nyumba.

Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumtupa mtoto na kumtesa, na inataja kwa jina kosa la kumsingizia ulozi. Sheria ya tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaweka adhabu. Sisi wakristu tuna sababu iliyo kubwa zaidi. Siku ya ubatizo tulimkataa Shetani kwa sauti mbele ya watu wote, na mtoto yule alipakwa mafuta matakatifu. Atakayesema kwamba mtoto mbatizwa ni mali ya giza, na asema hivyo ili apate mtu wa kubeba lawama ya msiba wake, anaihukumu sakramenti ambayo yeye mwenyewe alipokea.

Sasa tuonyeshe kwamba parokia ina nguvu. Katika ofisi yetu kuna vitabu vya ubatizo. Humo mmeandikwa jina la mtoto, jina la baba, jina la mama, jina la msimamizi, siku na fasi. Miaka michache iliyopita walezi walituletea kijana aliyekuwa ameishi nje tangu utoto. Alikumbuka mambo mawili tu: kwamba alibatizwa siku ya Pasaka, na jina la baba wa ubatizo wake. Tulifungua vitabu vya miaka minne, ukurasa kwa ukurasa, tukalipata jina. Baba wa ubatizo alikuwa bado hai, anakaa Luilu. Yeye alitupeleka kwa mama mdogo wa kijana, ambaye alikuwa amekwisha kumlilia kama maiti.

Hadithi haikwishia hapo, wala hatutaki kuipamba. Kijana alitoroka juma la pili. Akarudishwa, akatoroka tena. Majirani walifungia kuku wao na kuwaita watoto ndani kila alipopita. Mara ya tatu shirika la mtaa lilikaa na kupanga: mama mmoja awe anapita jioni kusalimu tu, baba mmoja amtafutie kazi ya kujifunza kwa fundi wa magari, na mtu yeyote asimwite tena kwa jina la barabara. Mama mdogo alikuwa na watoto sita na chumba kimoja. Shirika likachanga kwa kibaba cha unga kila juma mpaka mavuno. Mara ile kijana alikaa. Nyumba ya watoto isingeweza kuifanya kazi ile, kwa maana walezi ni wachache na mitaa ni mingi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa hiyo, mbele ya Baba Askofu na mbele yenu nyote, tunaweka maombi matatu kama zawadi ya Yubile.

La kwanza: kila shirika lichague baba mmoja na mama mmoja watakaojua habari za watoto wa mtaa wao, hasa yatima na wale wanaolelewa na ndugu. Siku neno la ulozi litakaposikika, wao wafike kabla mtoto hajatoka mlangoni. Ni rahisi kumzuia mtoto nyumbani siku moja kuliko kumtafuta barabarani miaka mitano.

La pili: baba na mama wa ubatizo wakumbushwe kazi yao. Msimamizi hakuitwa kwa ajili ya picha na karamu. Wazazi wakifa, yeye ndiye wa kwanza kuulizwa mtoto yuko wapi. Sisi makatekista tutalitia jambo hilo katika mafundisho ya ubatizo, na tutaviweka vitabu vyetu vizuri, ili walezi wanaotafuta jamaa ya mtoto wapate msaada siku ile ile.

La tatu ni juu ya feza. Tunajua halmashauri imepanga sadaka ya Yubile itumike kwa sale mpya ya parokia. Tunajua pia kwamba paa la sale ya zamani linavuja, na mvua zinakuja. Hatukatai ujenzi. Tunaomba tu fungu moja katika kumi litengwe kila mwaka kwa ajili ya masomo na kazi ya kujifunza ya watoto wanaorudishwa katika mashirika yetu, na hesabu yake isomwe mbele ya watu wote. Wengine wamesema kwamba sale itachelewa mwaka mzima. Ni kweli, inaweza kuchelewa. Mtoto wa miaka kumi akichelewa mwaka mzima machimboni, pengine hatumwoni tena.

Waheshimiwa Mapadri mliotoka majimbo mengine, tunawaomba mwipeleke habari hii kwenu. Watoto wanasafiri juu ya kamioni na treni kupita mipaka ya majimbo: wa Kamina anapatikana Kolwezi, wa Kolwezi anapatikana Lubumbashi. Barua moja kutoka parokia hadi parokia, yenye jina na mwaka wa ubatizo, inaweza kumpatia mama mtoto wake.

Jimbo letu lilianzishwa mwaka 1971. Tangu siku hiyo mapadri na watawa wengi wamechoka kwa ajili yetu, na wengine wamelala katika makaburi ya nchi hii. Tunawashukuru. Tunawashukuru Wasalesiani na Masista wa Mchungaji Mwema, na walezi wote, wake kwa waume, wanaoamka usiku mtoto anapogonga. Yezu alitufundisha habari ya baba aliyemwona mwanawe angali mbali, akamkimbilia. Ili kumwona mbali hivyo, sherti baba yule alikuwa akitazama njia kila siku. Basi mashirika yetu yatazame njia, kuanzia jioni ya leo, mara tutakapotoka katika karamu hii na kupita mbele ya soko.

Bwana abariki Yubile yetu, na Bikira Maria, aliyemtafuta mtoto wake siku tatu katika Yeruzalemu, atuombee.